Siku Jina la Mbunge Linapoandikwa

Alhamisi ya tarehe 20 Juni 2024, Bunge la Taifa la Kenya liliupigia kura Mswada wa Fedha katika hatua ya kusomwa mara ya pili. Wabunge 204 waliuunga mkono, 115 wakaupinga. Jumanne iliyofuata, tarehe 25, mswada uleule ukarudi kwa kura ya mwisho. Safari hii walioafiki walikuwa 195 na waliokataa 106. Alasiri hiyohiyo waandamanaji, wengi wao vijana, walivunja uzio wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, risasi zikalia, watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Historia ya siku ile imeandikwa sana, na itaandikwa tena. Mtu anayemfuatilia mbunge wake, hata hivyo, hutazama kitu kidogo zaidi: zile namba mbili. Kati ya Alhamisi na Jumanne upande wa ndiyo ulipungua kwa kura tisa. Upande wa hapana nao ukapungua kwa kura tisa. Bunge la Taifa lina viti 349 vya wapiga kura, kwa kuwa Spika hana kura. Jumlisha 195 na 106, utapata 301. Maana yake ni kwamba katika kura iliyoitikisa nchi nzima, wabunge zaidi ya 40 hawamo upande wowote.

Mitandaoni majina ya waliosema ndiyo yalisambaa kabla jua halijazama. Namba zao za simu zilikuwa zimeshamwagwa siku nyingi, wananchi wakihimizwa kupiga na kuandika ili “kuwasalimia waheshimiwa”. Ilikuwa salamu kali. Lakini orodha ya namna hiyo ina kasoro moja: mbunge asiyekuwepo hasalimiwi na mtu. Wapo waliokuwa na udhuru wa kweli, kama vile ugonjwa, msiba au safari ya kikazi. Wapo pia wanaojua kwamba njia salama ya kupita katikati ya kiranja wa chama na hasira za jimbo ni kutoonekana ukumbini kengele ya kura inapolia. Hansard, yaani taarifa rasmi za Bunge, haiwezi kuwatenganisha watu hawa. Anayeweza ni mpiga kura, kwa swali moja la mdomo: mheshimiwa, siku ile ulikuwa wapi?

Kura moja, hata iwe kubwa kiasi gani, haitoshi kumjua mtu. Ndiyo maana wafuatiliaji wazoefu huziweka kura mbili au tatu pamoja na kusoma jina lilelile katika kila orodha. Baada ya Juni 2024 kura ya pili haikukawia. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Ilihitajika theluthi mbili, yaani wabunge 233. Waliounga mkono walikuwa 281, waliopinga 44, na mmoja hakuegemea upande. Katikati ya tarehe hizo mbili, Julai, wanasiasa wa chama cha ODM kilichokuwa upinzani walikuwa wameteuliwa kuingia katika baraza la mawaziri. Zilinganishe orodha hizo mbili na utaona ramani ya siasa za Kenya ikihama: waliokuwa pande zinazopingana mwezi Juni wamesimama safu moja mwezi Oktoba. Katika mkutano wa hadhara mbunge anaweza kuyaeleza hayo kwa hadithi yoyote apendayo. Jina lake halihami kutoka pale lilipochapishwa.

Wafuatiliaji nao wana kosa lao, nalo ni kusoma ndiyo na hapana bila kusoma kilichopigiwa kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulioingia bungeni haukuwa uleule uliofika mwisho. Tarehe 18 Juni Kamati ya Fedha ilitangaza kwamba kodi ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari vingeondolewa. Mbunge aliyesema ndiyo anaweza kujitetea kwamba aliunga mkono mswada ulioshanyolewa, na utetezi huo una uzito wake, mradi aeleze pia vifungu vilivyobaki. Mahali pa kuyaona hayo ni hatua ya Kamati ya Bunge Zima, pale mswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu na marekebisho kuletwa kwa majina ya walioyapendekeza. Kurasa hizo ni kavu, hazina vijembe wala makofi, na waandishi wa habari wengi huzikimbia. Anayetaka kumjua mbunge wake angeanza na hizo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba siku za namna hiyo ni chache. Maamuzi mengi ya Bunge, Nairobi na Dodoma pia, hupitishwa kwa sauti. Spika huwaita wanaoafiki wapaze sauti, kisha wasioafiki, anasikiliza, anatangaza. Katika Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania jambo zima huchukua mistari miwili ndani ya mabano: hoja ilitolewa iamuliwe; hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Hakuna jina. Sheria inayobadili bei ya sukari au umri wa kustaafu inaweza kupita bila msomaji yeyote, leo au baada ya miaka hamsini, kujua nani alisema nini.

Wakenya walilipia jambo hili mwaka 2018. Mwezi Agosti wa mwaka huo wabunge walikuwa wameamua kuahirisha kwa miaka miwili kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kutia saini, akaurudisha mswada na pendekezo la kodi ya asilimia 8 badala ya 16. Tarehe 20 Septemba Bunge likakaa kikao maalumu. Ukumbi ulichafuka. Kura ya sauti ilipopigwa, wabunge wengi waliokuwemo walisisitiza kwamba sauti za kukataa zilikuwa kubwa zaidi. Kiti kikatangaza kwamba walioafiki wameshinda. Walipodai kura ihesabiwe, sheria ikawageukia: ili kuyakataa mapendekezo ya Rais walihitaji theluthi mbili, wabunge 233, na waliokuwemo ukumbini hawakufika idadi hiyo. Kodi ikapita. Madereva wa matatu, wenye bodaboda na mama wanaopikia mafuta ya taa waliilipa asilimia 8 hiyo kwa karibu miaka mitano, mpaka Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoyarudisha mafuta kwenye asilimia 16. Na mpaka leo ukimuuliza mbunge wa wakati ule alivyopiga kura, atakujibu apendavyo. Hakuna ukurasa wa kumsahihisha.

Kanuni za Kudumu za Kenya zinatoa njia ya kulikwepa giza hilo. Mbunge anaweza kudai kura ya kuhesabiwa, na wenzake wasiopungua 30 wakisimama kumuunga mkono, kengele inapigwa, milango inafungwa, na kila mmoja anajulikana alipo. Kwa hiyo kuna swali ambalo wapiga kura hawaliulizi: si ulipigaje kura tu, bali pia, je, ulisimama kudai kura ihesabiwe? Watu 30 kati ya 349 si wengi. Upinzani wowote wenye nia unaweza kuwapata, na usipowapata, hiyo nayo ni habari.

Tanzania ina utaratibu unaovutia kwa namna nyingine. Ifikapo mwezi Juni, bajeti kuu ya Serikali huamuliwa kwa kuita jina la kila mbunge, mmoja mmoja. Katibu anaita, mbunge anajibu, jibu linaandikwa. Kwa mtu anayependa uwazi, hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote katika kalenda ya Dodoma. Lakini isome Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Yaani kura ambayo kila jina linaitwa kwa sauti ni ileile ambayo hapana ikishinda inaweza kumrudisha kila mtu jimboni kuomba kura upya. Si ajabu kwamba wabunge wa chama tawala huitikia kama kwaya. Kura ya majina inayofunza kitu ni ile ambayo mbunge ana uhuru wa kweli wa kutofautiana na wenzake, na hiyo ndiyo adimu.

Basi kama kura nyingi hazina majina, mfuatiliaji hugeukia maneno. Hapo Hansard ni tajiri ajabu. Ile ya Tanzania, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili, mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuisoma. Ya Kenya kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, ingawa Kiswahili kimeruhusiwa bungeni humo tangu mwaka 1974. Msomaji wa Hansard ya Dodoma huizoea haraka mirindimo yake. Mchangiaji husimama, hushukuru, huanza kila aya kwa “Mheshimiwa Spika”, makofi yakiwekwa kwenye mabano kila anapowachekesha au kuwapendeza wenzake. Anaweza kueleza kwa dakika tisa jinsi barabara ya jimboni ilivyoahidiwa chaguzi tatu mfululizo, jinsi zahanati isivyo na dawa, jinsi wakulima wa korosho wasivyolipwa. Kisha mabano yanasema kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Naye anamalizia: Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Ni rahisi kucheka, lakini sentensi ile ya mwisho ndiyo rekodi yake. Dakika tisa zilizotangulia ni za kukatwa kipande cha video na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la jimbo. Sekunde tano za mwisho ndizo zinazoamua fedha ziende wapi. Mfuatiliaji mzuri anazisoma zote mbili na kuzilinganisha. Akimkuta mbunge amelalamikia barabara ileile katika bajeti nne na kuunga mkono bajeti zote nne, ana la kumuuliza.

Kuhesabu maneno, badala ya kuyasoma, ndiko kulikoharibu kazi hii katika nchi nyingi. Uingereza ilijifunza mapema. Baada ya kura ya tarehe 18 Machi 2003, Bunge la huko lilipoidhinisha vita vya Iraq kwa kura 412 dhidi ya 149, wataalamu wawili wa kompyuta, Francis Irving na Julian Todd, waligundua jinsi ilivyokuwa vigumu kwa raia kujua mbunge wake alisimama wapi. Orodha za kura zilikuwa zikichapishwa rasmi tangu mwaka 1836, ila zilikuwa zimezikwa katika kurasa ambazo mtu wa kawaida hazifikii. Wakaunda Public Whip, programu ya kuzichambua. Mwaka uliofuata ikaja tovuti ya TheyWorkForYou, iliyoonyesha pia hotuba, na kuhesabu kila mbunge amesema mara ngapi na ameuliza maswali mangapi.

Hesabu hizo zikawa mtego. Mwaka 2006 gazeti la The Times liliripoti kwamba baadhi ya wabunge walikuwa wakisimama kusema maneno mawili matatu, au kurundika maswali ya maandishi, ili wapande kwenye jedwali. Waendeshaji wa tovuti ile wakalazimika kubadili namna ya kuonyesha takwimu zao. Ukimpimia mtu kazi kwa idadi ya maneno, atakupa maneno.

Afrika Mashariki jaribio la kwanza kubwa lilikuwa tovuti ya Mzalendo. Lilianzishwa Kenya mwaka 2005 na Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuja baadaye kuwa miongoni mwa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la Ushahidi, pamoja na mwenzake Conrad Akunga. Chanzo chake kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja: tovuti ya Bunge ilikuwa imeondolewa hewani baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. Waheshimiwa hawakutaka wananchi wajue walisoma wapi. Vijana hao wawili wakaanza kuweka mtandaoni, kwa nguvu zao wenyewe, yale ambayo Bunge lingepaswa kuyaweka. Mwaka 2012 mradi ulizinduliwa upya kwa msaada wa kiufundi wa mySociety, shirika la Uingereza linaloendesha TheyWorkForYou, na hadi sasa ripoti zake za kila mwaka juu ya nani amezungumza na nani amenyamaza huwasha moto magazetini. Vichwa vya habari kuhusu “wabunge bubu” hutoka humo.

Ripoti hizo zina manufaa. Mbunge anayemaliza mwaka mzima bila kutamka neno moja katika kikao cha Bunge ana deni la maelezo kwa waliomtuma. Lakini jibu ambalo wabunge hao hulitoa, kwamba kazi yao iko kwenye kamati, si la kupuuzwa. Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond nchini Tanzania haikufumuliwa na mchangiaji hodari wa jioni. Ilichimbuliwa na Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, na ripoti yake ilipowasilishwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Wajumbe wa kamati ile walikuwa wamefanya kazi nyingi mbali na kamera, wakihoji mashahidi na kusoma mikataba. Mashine ya kuhesabu hotuba isingeliona hilo hata kidogo.

Kwa bahati nzuri kazi ya kamati huacha nyayo. Ripoti ya kamati ya Bunge la Kenya, ukiifunua hadi viambatisho, mara nyingi ina kumbukumbu za vikao zikionyesha nani alihudhuria na nani alituma udhuru, na karatasi ya kuidhinisha ripoti yenye majina na sahihi za wajumbe. Ni ukurasa mmoja, aghalabu umepigwa picha vibaya, sahihi nyingine zimepinda. Lakini mbunge anayejitetea kwamba yeye ni mtu wa kamati, jina lake likikosekana kwenye ukurasa huo ripoti baada ya ripoti, hana pa kukimbilia.

Mahudhurio nayo yana hila zake. Katiba ya Kenya, ibara ya 103, inasema mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha mwaka bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na bila maelezo yanayoridhisha kamati husika, kiti chake kiko wazi. Ibara ya 121 inaruhusu Bunge la Taifa kuendelea na kazi likiwa na wabunge 50 tu. Mtu anaweza kuingia, kujisajili, kuchukua posho ya kikao na kwenda zake, na katika takwimu akawa mhudhuriaji mzuri.

Upande wa pili wa hila hiyo ulionekana Dodoma. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake mjini humo. Akatibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti chake kiko wazi, akitaja kutohudhuria mikutano ya Bunge bila kumtaarifu Spika na kutowasilisha tamko la mali. Kwenye safu ya mahudhurio, mbunge aliyelazwa na majeraha ya risasi na mbunge anayekunywa chai hotelini wakati wenzake wanajadili bajeti wote wana sifuri ileile. Yeyote anayechapisha safu hiyo bila kuandika sababu pembeni anawadanganya wasomaji wake, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Anayetaka kuianza kazi hii jimboni kwake hahitaji ofisi wala wafadhili. Anahitaji kuchagua mambo machache yanayowagusa watu wa pale, tuseme bei ya mbolea, maji na mgao wa fedha za jimbo, kisha kutafuta siku Bunge lilipoyagusa. Hansard za nchi zote mbili ziko mtandaoni. Kwa kila siku aandike vitu vitatu: alichosema mheshimiwa, alichoamua kama kura ilikuwa na majina, na kama haikuwa na majina, aandike hivyo wazi ili pengo lenyewe lionekane. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na uzito kuliko kalenda yenye picha ya mbunge akikata utepe. Na kabla ya kulitangaza, ampelekee mbunge mwenyewe ajibu. Wengine watajibu kwa hasira, wengine kwa nyaraka, na zile nyaraka ndizo mfuatiliaji alizokuwa akizitafuta.

Lisilo na maana ni kungoja sheria ifanye kazi hiyo kwa niaba ya mwananchi. Ibara ya 104 ya Katiba ya Kenya inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha. Vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoandikwa ili kuitekeleza viliwekewa vikwazo vingi kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kadhaa kati yake. Tangu Katiba hiyo ianze kutumika mwaka 2010, hakuna mbunge hata mmoja wa Kenya aliyeondolewa kwa njia hiyo.